Siku Nilipopandisha Bahari Ukweni

Aibu hii huwa naikana hata mke wangu akiisimulia mbele yangu, lakini leo acha niiseme mwenyewe, maana kila mtu anayeipokea anaiongezea chumvi.

Nilikuwa nimekwenda mtaa wa Jabe kumposa Zaituni, ambaye sasa ndiye mke wangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia (hapo ndipo matatizo yalipoanzia), na baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameketi mkekani na wazee wenzake, sinia la pilau limeshatua katikati, akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, redio inasema barafu ya kule mwisho wa dunia iko nayeyuka. Bahari itapanda kiasi gani?"

Ningesema "sana, mzee", tukala. Apana. Nikaomba beseni.

Likaletwa, nikalitua kando ya sinia, nikatia mapande ya barafu ya kupozea juisi, nikajaza maji mpaka ukingoni, nikawatangazia wazee wenye njaa kwamba barafu ikiyeyuka tu maji yatamwagika, nasi tutayapima kwa kikombe. Tukangoja. Pilau likapoa. Barafu ikaisha yote na halikudondoka hata tone.

"Basi tumepona," mzee mmoja akasema, akanawa mikono.

Hapo ndipo nikakumbuka, jasho likinitoka, kwamba barafu inayoelea imeshachukua nafasi yake majini. Inayopandisha bahari ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu. (Na hili nalifundisha kila mwaka, wallahi.) Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimamisha tofali ndani ya beseni liwe nchi kavu, maji yakaanza kumwagika, nikafurahi, nikamimina juu yake ndoo nzima ya barafu iliyobaki, ikateleza yote kwa mpigo, tofali likaanguka, beseni likapinduka, na bahari ikaingia kwenye pilau, ikapita chini ya wazee, ikamlowesha baba mkwe kanzu mpaka kiunoni.

Nyuma ya pazia nikamsikia Zaituni anacheka mpaka anakohoa.

Baba mkwe akabandua punje za pilau kwenye kanzu, moja moja. "Sasa nimeelewa," akasema polepole. "Mutoto nitakupa. Lakini mutapanga nyumba kule juu, mulimani. Buterere, kule chini kwenye mafuriko, apana."

Tangu hapo, nikiulizwa swali la elimu ukweni, najibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, kisha nageuza mazungumzo kwa kuwasalimia watoto.