Namba kutoka kwa Kaka

Mtaani walimwita Dira, na aliyembandika jina hilo alikuwa na utani mbaya, maana mwanamke huyu alikuwa anaweza kupotea akitoka chooni kwake. Ukimwambia ashike kushoto, atashika kulia kwa moyo mweupe kabisa. Kuuliza si ujinga, lakini Dira aliuliza njia hadi wenyeji nao wakaanza kuzitilia shaka njia zao.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani, na hapo hakuwa na mpinzani. Shida ilikuwa kufika. Wateja walimwita majumbani mwao, naye alifunga vyuma vyake kwenye mkoba, akatoka asubuhi, akaibukia anakojua Mungu. Siku moja aliingia nyumba siyo, akaitengeneza cherehani ya watu ambao hawakumwita, nao wakamshukuru sana kwa kuwa kweli ilikuwa mbovu. Aliyemwita alisubiri mpaka akaenda kutafuta fundi mwingine.

Aliyekuwa akimfuata kote huko ni kaka yake, seremala. Tangu wakiwa wanasoma shule ya msingi, kazi hiyo ilikuwa yake.

"Uko wapi?" angeuliza kwenye simu.

"Niko hapa kaka, kuna mti na ukuta."

"Mti na ukuta! Basi nimeshakuona."

Angekuja na pikipiki yake, vumbi la mbao kichwani, penseli bado sikioni. Alimtania njia nzima, lakini hata siku moja hakusema amechoka. Hilo ndilo lililomuuma Dira. Afadhali angemgombeza.

Kisha kaka akamnunulia simu ya mtumba. Alimkalisha karakanani kwake, juu ya benchi la kurandia, akampakulia ramani ya wilaya nzima kwa bando lake mwenyewe.

"Hii sasa imo ndani ya simu," alimwambia. "Mtandao ukikata, yenyewe inaendelea. Hiki kitone cha buluu ni wewe. Ukitembea, na chenyewe kinatembea."

"Kinanijuaje bila mtandao?"

"Simu inasikiliza setilaiti zilizoko juu. Hizo hazitaki bando. Na ukipotea kabisa, bonyeza kitone mpaka zitokee namba. Hizo namba ndipo ulipo. Nitumie kwa ujumbe wa kawaida, nitaziingiza kwenye ramani yangu nije. Usiniletee tena habari za mti na ukuta."

"Na wewe ukipotea?"

Kaka aligonga kichwa chake kwa penseli. "Yangu imo humu, mdogo wangu, na haiishi chaji."

Mwanzoni Dira alimtumia namba karibu kila alipotoka. Hakuandika hata salamu, namba tupu, na kaka akaja. Kisha zikapungua. Alijifunza kukifuata kile kitone kwa subira, kama mtu anayefuata uzi kwenye mshono, akawa anafika anakoitwa, tena mapema. Kaka akaanza kulalamika: "Siku hizi hunitumii namba. Umeacha kazi?" Dira alicheka, na kila alipobisha hodi kwenye mlango uliokuwa mlango sahihi, alimwombea kaka yake heri.

Alasiri moja ya manyunyu alikuwa nyumbani anatia mafuta mashine ya mteja, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa kaka. Namba tupu.

Dira akacheka peke yake. "Ananirudishia za kwangu, mzee huyu." Akaendelea kutia mafuta. Lakini kaka hakuwahi kumtumia namba hata siku moja, akaifuta simu kwa upindo wa kanga, akaziingiza zile namba kwenye ramani. Alama ikaangukia katikati ya msitu wa misonobari wa kupandwa, kule nyuma ya milima, mahali ambapo hata yeye hakuwahi kupotelea. Akakumbuka: asubuhi kaka alipita akisema anakwenda huko kuchagua mbao. Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Jirani yake alikuwa dereva wa gari la mikate, ndiyo kwanza amerudi.

"Baba, washa gari. Twende msituni, mimi nitakuonyesha njia."

Dereva alimtazama kwa huruma. "Wewe, Dira? Tutaozea huko sote wawili. Ngoja kaka yako arudi, atuongoze."

"Kaka ndiye aliyepotea."

Dereva alichukua ufunguo.

Ukingoni mwa msitu mtandao ukakata. "Mtandao umekwenda," dereva akasema, tayari anapunguza mwendo. "Turudi."

"Hautuhusu. Ramani nimeibeba. Twende."

Ndani huko mti ni uleule na mstari ni uleule, hata mwenye kichwa cha kaka angechanganyikiwa. Kwenye njia panda dereva aliona alama za magurudumu zinakwenda kulia. Ramani ilitaka kushoto. Maisha yake yote Dira hakuwahi kubishana na mtu kuhusu njia. Alipiga moyo konde. "Kushoto," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Njia ilipokuwa nyembamba waliteremka. Dira alitembea mpaka kitone kikaikalia ile alama. Hapakuwa na mtu. Aliita "Kaka!" mpaka koo likakauka, na ndipo akasikia, hatua chache kutoka hapo, upande wa chini wa gogo moja kubwa, ko, ko, ko, kijiti kikigonga mti taratibu, kama fundi anayepigilia msumari.

Kaka alikuwa kwenye kibonde hapo, pikipiki imemlalia mguu, simu imezimika mkononi. Penseli ilikuwa bado sikioni. Dira na dereva waliinyanyua pikipiki, wakamfunga mguu kwa ile kanga.

"Ulimwona mtu akakuelekeza?" kaka aliuliza.

"Sijauliza mtu."

Kaka akafumba macho. "Mtandao uliingia mara moja tu. Nikajiambia, nikimtumia mwingine atadhani nimekosea kubonyeza. Ni wewe tu utakayejua namba hizi ni mtu."

Walimlaza nyuma ya gari, kati ya trei za mikate. Dira alikaa naye, kichwa cha kaka mapajani, simu mkononi. Kwenye njia panda gari likasimama.

"Mama," dereva aliita kutoka mbele, bila utani hata kidogo, "tushike wapi?"

"Kulia. Halafu moja kwa moja mpaka hospitali."

Dira aliinama. "Asante, kaka."

"Asante ya nini? Leo wewe ndiye uliyenifuata."

"Ya siku zile zote."

Gari lilimrusharusha kaka. Kisha akauliza, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, "Tumefika wapi?"

Naye Dira akatazama kitone, akamwambia.