Mtutu wa Chuma cha Mgodini

Nikiri mapema kwamba ujanani nilikuwa na kichwa kigumu kuliko chuma nitakachokieleza hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi msaidizi wa mashine ya kukereza katika karakana ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nikirudi nyumbani likizo nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, nikatembea kama mtu aliyegundua chuma yeye mwenyewe.

Baba alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, na ndiye aliyenifundisha kushika nyundo. Zamani ukoo wetu uliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Siku zile alifua majembe kwa vyuma chakavu na kutengeneza magobore ya wakulima. Kiwandani kwake desturi ilikuwa moja: anayebadili mtutu wa bunduki hupiga risasi ya kwanza yeye mwenyewe, shavu likiwa juu ya kitako. Wenyewe walisema "kuweka shavu". Asiyethubutu kuweka shavu hakumkabidhi mtu bunduki.

Mwaka ule shemeji yangu, mume wa dada, alizidisha baruti kwenye gobore lake. Mtutu ukavimba karibu na kitako kama chatu aliyemeza mbuzi. Nguruwe pori walikuwa wamekwisha kumlia karanga msimu mmoja huko kwake upande wa Shinyanga, na wa pili usingemwachia hata mbegu. Alipoleta habari hizo kwa baba, nilitumiwa salamu mgodini, na nikaamua kuja na mtutu mpya.

Fundi mkuu wetu alikuwa amenionyesha cheche za jiwe la kunolea. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Chuma cha kutobolea miamba hutoa cheche zinazopasuka kama nyota. Tofauti ni ukaa, ule uliomo kwenye makaa, alisema. Chuma kilichomeza ukaa wa kutosha huwa kigumu, na kikipashwa moto kikazimwa majini huwa kigumu zaidi, ila hapo huvunjika upesi. Katika maneno hayo nilishika nusu ya kwanza.

Basi niliomba fimbo moja ya kutobolea miamba iliyokwisha kutupwa. Fimbo zile zilikuwa na tundu jembamba katikati la kupitisha maji, nami nikalitanua kwa mashine, jioni baada ya jioni, kisha nikaliziba upande mmoja. Nilipofika nyumbani niliwakuta dada na shemeji wananingoja. Niliupasha mtutu moto mpaka ukawa mwekundu, nikautumbukiza majini kama tufanyavyo patasi. Tupa ikateleza juu yake isiache hata alama. Kwenye mtutu wa zamani tupa ile ile iliingia bila taabu, nikacheka.

"Patasi haipigwi kwa ndani," baba alisema. "Huu wa zamani ulivimba kwanza, mwenyewe akaona. Huu wako utamwonyesha nini?"

"Huu hauvimbi, baba."

Nilijiona nimesema la maana.

Alishauri tuifunge bunduki kwenye gogo, tuvute kifyatulio kwa kamba. Nilikataa. Kufunga, nilisema, ni kwa fundi anayeishuku kazi yake, na mimi nitaweka shavu.

Asubuhi niliupachika mtutu kwenye kitako, tukaenda nyuma ya kiwanda. Shemeji alishindilia baruti kwa kipimo chake cha siku zote. Nilinyoosha mkono, lakini baba aliwahi kuichukua bunduki.

"Aliyekufundisha ni mimi," alisema. "Shavu ni langu."

Akapiga goti, akalaza shavu kwenye mbao. Nikaziona ndevu zake nyeupe, na sikio lake likiwa karibu kabisa na fataki ya kuwashia baruti. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari, naapa. Lakini nilipoliona sikio lile, nusu ya pili ya maneno ya fundi mkuu ilinijia yote.

"Baba, tuifunge kwanza."

Akainuka taratibu.

Tuliifunga kwenye gogo, tukajificha nyuma ya kichuguu, nikavuta kamba. Mtutu ulivunjika vipande vitatu. Haukuvimba wala kupinda. Mahali pa kuvunjika palikuwa pa kijivu, na punje punje kama chumvi ya mawe. Kipande kimoja tulikikuta kimezama kwenye nguzo ya kiwanda, usawa wa uso wa mtu aliyepiga goti. Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakitazama, akamtazama mumewe.

Mchana baba aliukata mtutu wa zamani pale ulipovimba, akaanza kuuziba upya upande wa kitako, mfupi kidogo. Mimi nilivuta mivukuto ya kupulizia moto.  Mwishowe nikaona ni lazima niseme kitu.

"Niliogopa kwa ajili yako, baba."

"Niliona," alisema.

Aligeuza chuma motoni, akaitazama rangi yake, akakirudisha. Shemeji alikuwa uani anachonga mti wa kushindilia baruti, apate unaotosha mtutu mfupi.

"Wewe ungepiga mara moja ukarudi kazini," baba alisema, bila kupandisha sauti. "Shemeji yako angelaza shavu pale msimu mzima."