Siku Tulipowapanga Wazee Makundi

Sikuzaliwa na subira, na kazi ya kuuguza wazee haikunipa. Miaka ile ya ujamaa nilikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee nje kidogo ya Korogwe. Wengi wao walikuwa wakata mkonge, walioletwa kutoka mbali kama manamba, vibarua wa mkataba, wakazeekea mashambani, na huko kwao hakuna aliyewakumbuka tena.

Asubuhi moja bwana ustawi wa jamii alifika na lori na karatasi, suruali yake imepigwa pasi hadi inakata. Wazee wapangwe makundi matatu. Wanaojiweza ni kundi la kwanza: hao wangepanda lori mchana uleule kwenda kuanzisha kijiji kipya upande wa Handeni, kila mmoja na jembe lake. Kundi la pili ni wa kusaidiwa kidogo, la tatu wasiojiweza kabisa, na hao wangebaki kutunzwa. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi mno. Mzee asimame bila kushikwa, atembee hadi kisimani, arudi.

Wanne walioitwa mwanzo walikuwa na nguvu kweli, sikuwa na neno. Wa tano alikuwa mzee wa kitanda cha dirishani, ambaye juzi yake tu nilimbeba kumpeleka chooni. Alisimama peke yake. Akatupa fimbo yake kitandani, akatoka kwenda kisimani, shingo imekaza, jasho linamtiririka. Nikamkimbilia kabla hajageuka.

"Mzee, unafanya nini? Kaa chini!"

"Niache, mwanangu. Usiniharibie."

"Wakiona una nguvu watakupeleka porini ukalime. Onyesha unavyoumwa, ubaki."

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mjinga ni mimi. "Nyapara wetu wa mkonge naye alisema hivyohivyo. Aliyechoka aseme, apumzishwe. Wenzangu watatu wakasema. Jioni majina yao yalikatwa, wakatolewa kambini na masufuria yao. Mimi nilinyamaza, nikabaki."

Wazee wote walikuwa wamejipanga ukutani wakitutazama, na kila mmoja alikuwa anajinyoosha. Mmoja alibana kikohozi hadi macho yakamtoka. Walikuwa wanapigania vitanda vyao, na njia waliyoichagua ilikuwa inawapeleka moja kwa moja kwenye lile lori. Kule Handeni, mvua zikichelewa, hata kijana anayumba. Huyu asingemaliza mwezi.

Alirudi kutoka kisimani bila kushikwa. "Kundi la kwanza," alisema bwana ustawi, na kalamu ikashuka.

"Hapana, ndugu!" Nilipiga kelele, hasira zangu zimenishinda. "Mwambie afunge vifungo vya shati lake."

Bwana ustawi alishangaa, lakini akamwambia. Mzee akanitazama. Sitasahau yale macho. Mikono yake, iliyochomwa na miiba ya mkonge miaka yote ile, ilikuwa imekakamaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimvalisha. Alishika kifungo cha kwanza, kikamponyoka. Akajaribu tena. Kwenye kifungo cha tatu magoti yalimlegea, akakaa chini mavumbini mbele ya wenzake.

Bwana ustawi alifuta, akaandika kundi la tatu. Kisha, kwa kuwa si mpumbavu, akawapa wote waliobaki kipimo hicho cha shati, na saba wakaliepuka lile lori. Nilijiona nimeshinda. Nilikunywa chai yangu mchana ule kwa raha kabisa, nikilisikiliza lori likiondoka.

Kesho yake nilipoingia chumbani, kabla sijafungua mdomo kumwamkia, nilimkuta amesimama kando ya kitanda, ameshikilia ukuta, miguu inatetemeka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naye angeweza kunizaa mara mbili. Aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nilimwambia akae. Nilimwambia kitanda ni chake, hakuna wa kumtoa. Alikubali kila nilichosema, upesi upesi, kama mtu anavyomkubalia nyapara. Akaishi pale miaka miwili mingine, na hakuna asubuhi aliyoacha kuniamkia.

Sikuweza kumwitikia hata siku moja.