Mkebe wa Omena

Ko, ko, ko. Mpaka leo nausikia huo mlio, midomo ya kuku sita ikigonga sufuria tupu. Nilikuwa nimeijaza maji asubuhi, na jua hata halijapita paa, ikawa imekauka. Nikadhani ni mchezo. Nikawaambia, "Nyinyi leo mmeamua kunichosha," nikajaza tena, nikaenda zangu nikiimba.

Nilikuwa nimehamia Kawangware, chumba kimoja kwenye ploti ya shosho mmoja, mama mzee mwenye nyumba. Alinikubalia nifuge kuku nyuma ya bafu, mradi wasinuke. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuota sikuacha. Nyuma ya kalenda nilikuwa nimechora banda la kuku mia moja, lenye madirisha na mapazia. Hao sita ndio walikuwa mwanzo.

Chakula nilikichanganya mwenyewe kwenye karai: mahindi yaliyoparazwa, pumba ya ngano, mashudu ya alizeti kidogo, na maganda ya mayai niliyotwanga mpaka yakawa unga. Sukuma wiki iliyozeeka niliifunga kwa kamba nikaining'iniza, wairukie, wasikae tu kama wageni. Mahindi niliyachagua kabla ya kuyapeleka kusagwa, yenye ukungu nikatupa. Mwenye kisiagi alinicheka. "Sistee, kuku haangalii hayo yote." Nikamjibu, "Ndio maana naangalia mimi."

Halafu kulikuwa na omena, wale dagaa wadogo, niliyoichanganya humo humo. Hiyo ililetwa na anti, dadake mama, aliyenilea Gatwekera, huko Kibera, tangu nikiwa mdogo. Yeye hukaanga omena kando ya njia. Mabaki ya sinia, vile vichwa na vipande, hakuyauza. Aliyaweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na kila Jumapili baada ya kanisa akatembea nao kwa miguu kutoka Kibera mpaka kwangu. Akifika hakuuliza hali yangu. Aliuliza, "Wajukuu wangu wamekula?" Mimi sikuwa na mtoto, na yeye alikuwa amechoka kungoja.

Basi wiki hiyo ya sufuria tupu, kinyesi cha kuku kikawa maji matupu. Harufu ikafika mpaka mlangoni kwa shosho. Akaja ameziba pua na leso.

"Kairitu," akaniambia, kama anavyomwita kila msichana, "mimi nimezaliwa kati ya kuku. Lakini hii sio harufu ya kuku, hii ni ya choo. Nakungoja mpaka Jumatatu ya wiki ijayo. Ikinuka hivi, hao kuku watoke."

Nikafunga chakula kidogo kwenye gazeti, nikampelekea muuza dawa za mifugo pale stejini. Akakichambua kwa kidole.

"Umeonja?"

"Nionje chakula ya kuku?"

"Onja."

Nikaonja. Ukweli ni kwamba kilikuwa kitamu, ningekila na ugali.

"Sasa hiyo utamu ndio shida," akasema. "Hii omena imekaangwa na chumvi ya watu. Kuku hawezi kubeba chumvi hiyo yote. Anakunywa maji, anakunywa, halafu inatoka vile umeona. Ukiendelea utawazika. Toa omena, wape maji safi."

Nilirudi polepole nikiwaza ule mlio. Walikuwa wananiita, na mimi nikawajibu kwa wimbo.

Siku chache bila omena, kinyesi kikaanza kukauka. Jumamosi shosho akapita nyuma ya bafu, akavuta hewa mara mbili. "Mm," akasema. "Jumatatu bado haijafika."

Jumapili anti akaja. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, hata nimeyafanyia mazoezi mbele ya kuku. Akaketi juu ya mtungi wa plastiki, akavua kiatu kimoja, akaanza kusugua goti.

"Leo nimewaletea vichwa tupu," akasema. "Kuna mama alitaka kununua. Nikamwambia hizo ziko na wenyewe."

"Anti, kwani hii omena unaweka chumvi mingi?"

"Bila chumvi nani atanunua?" Akacheka. Kisha akaangalia mkebe, akaniangalia. "Wamekataa?"

"Hawajakataa."

"Kama wamekataa sema tu. Hata hili goti lipumzike." Bado alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshaurudia mkebe, unauvuta kwake taratibu.

Nikaona njia yote ile kutoka Gatwekera, na Jumapili zinazokuja bila mtu wa kuipita. Nikaushika mkebe upande wangu.

"Wanaipenda, anti. Wacha hapa."

Akauachilia. Akavaa kiatu, akasimama kwa banda akiwaongelesha kwa Kijaluo, kisha nikamsindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi nilipasha maji moto, nikamwaga omena yote kwenye beseni na kuisugua kwa mikono mpaka mafuta yakaelea juu. Nikamwaga maji, nikatia mengine. Nikaiacha ikae, kisha nikaokota kichwa kimoja, nikakiweka ulimini. Bado. Nikamwaga tena, nikatia mengine, nikaketi kando ya beseni. Nikaokota kingine. Safari hii niliacha kikae ulimini muda mrefu, macho nimefumba, mpaka nikawa na hakika kwamba hakina ladha yoyote.

Nikatandaza omena juu ya kipande cha bati, nikaifunika na pazia la zamani isiingie nzi.