Jicho la Kushoto la Paka

Nisikilize vizuri, maana hata leo nikisimulia jambo hili sauti hunipanda. Miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja karibu na Shinyanga. Mchana mmoja mwanamke aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, amefungwa kamba. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, mboni zimepanuka hadi weusi umejaa jicho. Vidole vyake vilichuma pamba hewani, akiitia kwenye kikapu kisichokuwepo.

"Karogwa," mumewe alisema. "Mpeni sindano alale, nimpeleke kwa mganga."

Mkuu wetu wa wodi, mama mpole, alijua kwamba mgonjwa akiondoka atafia njiani. "Jana alikula nini?"

"Mchicha. Aliuchuma kwenye zizi la zamani."

Mama akanigeukia. "Kamata paka wa jikoni!"

Tulimtoa mgonjwa mkojo kwa mpira, tukadondosha tone moja kwenye jicho la kushoto la paka.

"Sista, mgonjwa yuko kitandani, dawa mnampa paka?"

"Kaa, shemeji. Utaona."

Tulipokuwa tukisubiri, mama alitueleza. Kwenye mwanga mboni husinyaa kwa amri ya neva. Mnanaha, mmea unaostawi kwenye samadi pamoja na mchicha, una sumu inayoziba mlango ambao amri hiyo hupitia. Mboni hubaki wazi, mate na jasho hukauka, moyo huenda mbio, na ubongo huona visivyokuwepo. Sumu hiyo hutoka na mkojo ikiwa bado na nguvu.

Tukampeleka paka juani. Jicho la kulia lilikuwa na ufa mwembamba, kama kawaida. La kushoto lilikuwa jeusi, duara, kama kifungo cha koti! Nilipiga kelele nikasahau kwamba niko kazini.

Mume alimtazama paka, akamtazama mkewe, kisha akaanza kufungua kamba mwenyewe. "Basi abaki."

Tulimpoza mwili, tukamwekea maji ya mshipa, tukamlinda. Siku ya tatu aliomba uji, akauliza kwa ukali, "Nani alinifunga kama ndama?" Mumewe akasingizia ng'ombe wana kiu, akatoka.

Nawe ukichuma mchicha zizini, uutandaze kwenye ungo kabla ya kuupika. Kagua jani moja moja, na lolote lenye kingo za menomeno na harufu ya kukera, litupe.