Mama Mkwe, Kuku na Gia Ndogo

Safari hii sikuitaka. Alhamisi jioni, mwezi wa Julai, mvua ya Kakamega ikishuka kwa saa yake ile ile ya kila siku, mke wangu Nafula alinipigia simu kutoka Kabras. Alikuwa kwenye matanga ya mjomba wake Makokha. Maziko yangekuwa Jumamosi, na mama yake, ambaye ndiye dada wa pekee wa marehemu, alikuwa bado Likuyani na goti lililovimba. Hangeweza kutembea mpaka barabara kuu, na wa pikipiki walikuwa wamelikataa tope.

"Kamchukue na hilo gari lako," akasema.

"Mimi? Mimi na mama mkwe, wawili?"

"Shangazi Rasoa yuko naye huko, atakaa kati yenu. Usianze."

"Si nikupitie hapo Malava twende pamoja?"

"Na watu wote hawa atawapikia nani? Wewe?"

Nikakubali. Msomaji wa mbali naye aelewe taabu yangu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi benchi moja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka cha kutazama. Si ugomvi, ni heshima. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona mama huyu kwa pembe ya jicho tu. Ningeulizwa rangi ya macho yake ningeshindwa.

Gari lenyewe ni zee, la dizeli, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nafula huliita mke mwenza, kwa sababu Jumamosi zangu nyingi huishia chini yake nikiwa na spana. Lina magonjwa mawili ninayoyakumbuka kila nikilala. Wa kwanza ni hubu. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifungo cha duara, na usipoteremka ukaifunga hubu kwa kukizungusha kwa mkono, magurudumu ya mbele hayavuti kitu, yanafuata tu. Wa pili ni gia ndogo, ile ya kando ya gia kubwa, inayotia nguvu ya tope. Meno yake yamelika. Ukiiweka inashika, kisha gari likitikisika inaruka, na injini inabaki kupiga kelele bure. Fundi ameizunguka mara nyingi, kipuri hakipatikani. Kwa hiyo penye tope Nafula huikumbatia kwa mikono miwili huku akinisema.

Ijumaa asubuhi, Kakamega. Kulikuwa na baridi ya kufukuza watu kwenye mabafu. Dizeli ya asubuhi haitaki pupa: unafungua swichi, unangoja plagi za hita zipate moto, unangoja tena, ndipo unapiga. Liliwaka mara ya tatu, likatoa moshi mweupe mpaka jirani akafunga dirisha. Nikamwaga maji yaliyokaa chini ya chujio la dizeli, nikatazama oili, nikatia nyuma jembe, kamba na panga. Suti ya maziko niliitundika kwenye dirisha.

Malava nilipita bila kusimama. Matrekta ya miwa yalikuwa yametapika udongo juu ya lami, na lami yenye udongo na manyunyu huteleza kuliko tope lenyewe. Nilikwenda kwa gia ya pili, watu wa nyuma wakinipigia honi wee mpaka wakachoka. Kaburengu nilikunywa chai, nikazunguka gari nikipiga teke kila gurudumu, kazi isiyosaidia chochote ila humtuliza dereva.

Turbo niliiacha lami. Njia ya kwenda Likuyani siku hiyo ilikuwa imekauka kidogo, mahindi yamesimama pande zote mpaka mtu akajiona ndani ya korido. Kilomita chache kabla ya kwa mama kuna bonde, na chini yake kijito kisichokuwa na daraja la maana. Nililipita kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, nikaona fahari, nikajisemea kwamba watu wanalisingizia bonde hili.

Likuyani nilifika alasiri. Sikuingia kwa mama. Niliegesha nje ya ua, nikakohoa, na jirani yake Wanyonyi, mkulima mpole wa mahindi ambaye ningelala kwake, akaja kunipokea.

"Mulembe, mkwe wetu! Umeweza na hiyo baridi?"

"Mulembe. Shangazi Rasoa yuko tayari?"

Wanyonyi akakuna kichwa. "Rasoa alienda. Jana na watu wa kanisa, kwa miguu. Alisema wewe huwanga mtu mzima, utajua la kufanya."

Mama yangu! Nilitaka kuligeuza gari saa hiyo. Wanyonyi akanipa obusuma, ugali wetu, na mboga, akaniambia nile kwanza nifikiri baadaye. Mvua ikaanza tukiwa mezani na haikukoma mpaka asubuhi.

Jumamosi, saa mbili. Mama mkwe alitoka akiwa amejitanda shuka mpaka kwenye nyusi, kuku mwekundu kwapani, wa kupeleka matangani. Nilimfungulia mlango wa nyuma nikaenda kusimama upande mwingine nikitazama mahindi. Wanyonyi alimsaidia kupanda. Nikakaa usukani, nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa. Sikuona nyuma tena, lakini adabu ilikuwa salama.

Tulikuwa hatujafika mbali simu ikaita. Nafula.

"Wameyaleta maziko mapema. Wanasema watamfunika saa saba, wanaogopa mvua. Mko wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

Nikakata. Kule nyuma sauti ndogo ikasema, "Ingokho, muulize mwenye gari kama tutafika."

Nilishtuka. Kisha nikaelewa: ingokho kwa lugha yetu ni kuku, na hiyo ndiyo njia aliyoipata, nikashukuru. "Kuku," nikajibu nikitazama mbele, "mwambie mama tutafika."

"Mwambie huyu ndugu alinibeba mgongoni miaka yote ya utoto wangu. Mama yetu alikufa mapema. Nataka nimwone uso kabla wamfunike. Nikikuta mchanga, mimi sitasahau mpaka nife."

Nikaongeza mwendo.

Tukafika bondeni. Lile bonde la jana halikuwepo. Kulikuwa na uji mwekundu, na matairi ya trekta yamechimba mifereji miwili ya kufika magotini. Mwenye akili angesimama juu, ashuke, afunge hubu zote mbili. Nami nilisimama. Mkono ulikuwa kwenye mlango. Nikafikiri: kufunga hubu ni kuchuchumaa mbele ya gari, na suruali ya suti hii inanibana, na mtu akichuchumaa nayo koti hupanda, na mama mkwe yuko ndani, nyuma ya kioo cha mbele, anatazama. Kumwomba aangalie kando nitamwombaje? Kwa kuku?

Nikaona aibu. Nikasema nitapita kwa kasi.

Tulipita mpaka katikati. Nyuma ikateleza, gari likaketi. Nilikanyaga, tope likaruka mpaka juu ya paa, tukazama zaidi. Nilizima injini, na ikabaki sauti ya kijito peke yake.

Sasa hapakuwa na suruali ya kulinda. Nilivua koti na viatu, nikaingia tope la magotini. Hubu ya kulia niliizungusha. Ya kushoto ilikuwa imefukiwa, nikalala kifudifudi nikaichimbua kwa mikono kama mtu anayetafuta viazi vitamu, nikaizungusha. Nikakata matawi ya mikaratusi, nikayasukuma chini ya matairi. Nilijua mama ananiona mgongo, unyayo na kila kitu. Nilitamani nchi inimeze, na ilikuwa karibu kufanya hivyo.

Nikarudi usukani, nikaweka gia ndogo. Gari likajikokota hatua moja, gia ikaruka. Nikaweka tena, ikaruka tena. Mkono mmoja hauwezi usukani na gia mbili. Saa tano ilikuwa imepita. Nilikaa nikitazama kile kiti kitupu cha kando yangu, kiti cha Nafula, nikaona hasira, kwa gari, kwa Rasoa, na zaidi kwa suruali.

"Ingokho," sauti ikasema, "muulize ni nini kinakataa."

"Kuku, mwambie mama kuna gia inataka kushikwa na mtu aliyekaa mbele."

Nilisikia shuka likikazwa. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Nilisikia miguu ikiingia topeni, mguu mmoja kwa uchungu, na pumzi. Mlango wa mbele ukafunguka. Nilitazama nje upande wangu mpaka shingo ikauma. Mama akapanda, akaketi, akamweka kuku katikati yetu juu ya kisanduku cha spana, akalivuta shuka vizuri. Kati yetu palikuwa na kuku mmoja na hakuna kingine.

"Hii?"

"Hiyo. Kuku, mwambie mikono miwili. Avute nyuma, asiachie."

Nikatia gia, nikaachia klachi taratibu. Magurudumu yote manne yakauma matawi. Gari likanguruma, likapanda, likayumba, kuku akapiga mabawa usoni mwangu, na gia ikaanza kuchomoka.

"Baba, inatoka!" mama akapiga kelele. "Inatoka!"

"Vuta kwako, mama! Kaza!"

"Nimekaza! Kanyaga wewe! Kanyaga, unangoja nani?"

Nikakanyaga. Tulitoka kwenye lile bonde tukipiga kelele wote watatu, na juu kabisa, penye changarawe, nikasimamisha. Mikono yake ilikuwa bado kwenye gia, imejaa grisi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Alikuwa anacheka kwa ndani, shuka lote linatikisika, na mimi nikaona nikimsikiliza tena nitacheka vibaya, kwa hiyo nikaendesha.

Turbo, mwanzo wa lami, nilisimama bila kusema kwa nini. Nilishuka nikafungua hubu, maana zikifungwa kwenye lami huumiza gari, nikachelewa huko kwa makusudi nikifuta taa. Niliporudi mama alikuwa kwenye kiti cha nyuma, kuku kwapani, shuka kwenye nyusi. Hatukusemezana tena, hata kwa kuku.

Kabras tulifika saa saba imepita. Nilijua tumechelewa, na nadhani naye alijua, kwa sababu sikusikia hata pumzi huko nyuma. Kumbe mvua iliyotuzuia sisi iliwazuia na wao. Kaburi lilikuwa limejaa maji, vijana wakiyachota kwa mitungi iliyokatwa, na sanduku lilikuwa bado chini ya hema, wazi. Nafula alikuja mbio akamshika mama mkono. Watu wakampisha. Aliinama juu ya uso wa ndugu yake, akamwita kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, nadhani la utotoni, akamlilia hivyo hivyo na grisi mikononi. Mimi si mtu wa kulia matangani. Nilikwenda kukagua tairi.

Baadaye Nafula alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Umekuja kwenye maziko ama kwenye shimo la dhahabu?"

"Bonde la Likuyani."

"Na gia ndogo ilishikwa na nani?"

"Ilikaa," nikasema. Hakusadiki, lakini jikoni walikuwa wanamwita, na kuku alikuwa ameshachukuliwa.

Jumatatu, safari ya kumrudisha mama. Nafula alikaa mbele, mama nyuma, na maneno yote yalipitia kwa Nafula kama inavyotakiwa: mama anauliza, binti ananiambia, mimi namjibu binti. Mvua haikuwa imetupumzisha. Juu ya lile bonde nilisimama, nikashuka mbele ya macho ya kila mtu, nikachuchumaa nikafunga hubu zote mbili. Hilo ndilo nililojifunza safari hii na ninaliandika kwa wenye magari ya aina hii: hubu hufungwa juu ya bonde, hata anayekutazama awe nani.

Nikaweka gia ndogo. Nafula akaishika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye simu. Tulikuwa tumeanza kushuka sauti iliposikika kutoka nyuma, tulivu, yenye uzoefu.

"Binti, weka hiyo simu. Mikono miwili. Ivute kwako, na usiiachie mpaka tupande ng'ambo."

Nafula akageuka mzima. "Mama! Wewe umejulia wapi mambo ya gia?"

Nilikaza macho barabarani. Mama akalivuta shuka lake mpaka kwenye nyusi.

"Ingokho iliniambia," akasema.