Hariri Iliyongoja Sheria

Kila asubuhi, kabla ya chai, Anko Boaz alisimama kwenye mlango wa chumba cha pili akatunusa mikono. Unamnyooshea viganja, anainama, ananusa, halafu anaamua. Ukiwa umepaka losheni unarudishwa. Ukiwa umegusa mafuta ya taa unarudishwa. Auntie Benta, mke wake, alikuwa anainua mikono juu kama mtu aliyeshikwa na polisi, anasema, "Nipekue basi, afande." Anko hakucheka. Alinusa tu, akasema, "Umemwaga dawa ya mende. Nawa tena."

Ndani ya hicho chumba kulikuwa na viwavi vya hariri. Vyeupe, laini, vimelala kwenye trei juu ya majani. Majirani kwenye ploti yetu hapa Ruiru waliviita minyoo ya Baba Bridget, kwa sababu Bridget ndiye mtoto wao wa kwanza. Mimi ni mtoto wa dada yake Anko. Nililetwa kutoka Vihiga nije nisome, shule ikakatika mapema, nikabaki kwao.

Zamani Anko alikuwa ameandikwa kwenye kituo cha hariri huko Thika. Kilikuwa na mistari mirefu ya miforosadi, ile miti ya matunda meusi yanayochafua midomo, na nyumba ndefu za kulishia zenye waya wa kuzuia nzi. Kazi yake ilikuwa kukata majani na kulisha. Mkubwa wao alikuwa Daktari Riya, msichana wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Thika, ambaye baba yake aliuza vitambaa. Kwa miaka mingi Daktari Riya alichanganya viwavi vya kutoka nje na vile vilivyozoea joto la huku, mpaka wakapata mbegu ambayo haikuwa inaugua ovyo. Ilikuwa na mstari wa kijivu shingoni. Anko aliiita mbegu yetu.

Halafu pesa za mradi zikaisha. Waliokuwa wanazileta walirudi kwao, lango likafungwa, Daktari Riya akachukuliwa kufundisha chuo Nairobi. Mayai yalikuwa yatupwe. Siku ya mwisho alimpa Anko, yakiwa yamegandamana kwenye karatasi kama mbegu za mchicha, akamwambia, "Boaz, yaweke hai mpaka sheria ipite. Ikipita, tunarudi."

Sheria yenyewe ilikuwa ya utafiti. Serikali ilikuwa iweke pesa kando kila mwaka kwa watu wa sayansi na viwanda, ili nchi nayo iwe na vitu vyake vya kuuza nje, isiwe ya kununua tu kila siku. Anko alituelezea hayo mara nyingi mpaka hata mimi nikayajua. Nguo ya hariri ingetoka Thika. Uzi wake ungetoka kwa mbegu yetu.

Shida ni kwamba mbegu hii haiwekwi guniani kama mahindi. Mayai yanakaa kwa baridi muda fulani, ukizidisha yanakufa. Lazima uyatoe yaanguliwe, viwavi vile majani mpaka vijifunge kwenye vifuko vyao, vitoke nondo, nondo watage, ndio uwe na mayai mengine. Ukikosa majani kwa mzunguko mmoja tu, umemaliza kila kitu.

Kwa baridi alikuwa na Githae, mwenye duka, ambaye alimwekea mayai kwenye friji chini ya maziwa. "Mulembe, Boaz!" Githae alikuwa anamsalimia kwa Kiluhya kutoka ndani ya duka. "Watoto wako wamelala. Hawalii, hawakojoi. Heri ningezaa hao."

Kwa majani alikuwa na Kaleli. Anko alikuwa anafanya kazi ya mjengo mtaa wa Membley, na huko aliona nyumba moja yenye ua wa miforosadi mitupu. Kaleli ndiye alikuwa mtunza bustani hapo. Walielewana haraka. Anko akate ua, Kaleli asifanye hiyo kazi. Lakini mwenye nyumba alipenda maua yake yapuliziwe dawa, na viwavi vikionja dawa hata kidogo vinakufa. Kwa hivyo siku za dawa Kaleli alifunga kitambaa chekundu kwenye waya wa lango. Anko akikiona, hasimami. Anapitiliza mpaka Theta kuomba majani kwa wakulima.

Hivyo ndivyo tuliishi tukingoja Bunge. Anko alikuwa na redio ndogo, na jina la sheria likitajwa alitunyamazisha wote. Majirani walimchokoza wakichota maji kwenye mfereji.

"Baba Bridget, sheria yako imefika wapi?"

"Imesomwa mara ya pili."

"Mara ya pili? Kwani ya kwanza hawakuelewa?"

"Ndio itasomwa ya tatu."

"Ngai! Hata Bridget hajawahi kurudia darasa hivyo."

Yeye alitabasamu tu. Lakini Jumapili baada ya kanisa alikuwa anapotea, na Auntie alijua yuko wapi. Alikuwa ameenda Thika kusimama kwenye lango la kituo. Mara moja nilienda naye. Magugu yalikuwa yamefika madirishani. Alishika vyuma vya lango akaniambia, "Mitchell, hapa ukisimama mlangoni wakati trei zote zinakula, unadhani mvua imeanza. Unatoka nje kuanua nguo. Mimi nimeanua nguo bure mara nyingi hapa." Akakaa akiangalia. Mimi sikuwa nimewahi kuisikia hiyo mvua. Viwavi vya nyumbani vilikuwa vichache, vya kuendeleza mbegu tu.

Kamati ya Bunge ilipokuja Thika kuchukua maoni ya wananchi, alivaa koti la harusi yake akaenda na vifuko mfukoni. Ukumbi ulijaa, wengi wamefuata soda na mkate. Mwanamke mmoja alisimama akaongea juu ya barabara, akaambiwa hii ni ya utafiti, akasema basi mtafiti ni kwa nini barabara yetu haina lami. Watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Anko. Alimpa mwenyekiti kifuko kimoja, mwenyekiti akakitikisa karibu na sikio.

"Mimi sheria siijui," Anko alisema. "Nawaomba tu msichelewe, kwa sababu hizi zinakula kila siku."

Ukumbi mzima ulicheka, hata mwenyekiti. Anko hakujua wanachekea nini.

Sheria ilipopita na kutiwa sahihi, Daktari Riya ndiye alipiga simu. Anko aliweka sauti juu tusikie sote. Daktari alisema hazina mpya ya utafiti itaanza na wale walio na kitu cha kuonyesha. Maafisa watakuja Ruiru Alhamisi ya mwisho wa mwezi uliofuata, na yeye atakuja nao. Wakiridhika, kituo kitafunguliwa.

"Waonyeshe trei moja tu, Boaz," alisema. "Mayai mengine acha kwa friji."

"Sawa, daktari."

Alikata simu, akaenda kwa Githae moja kwa moja, akarudi na karatasi zote.

"Si umeambiwa trei moja?" Auntie Benta akauliza.

"Mama Bridget, mgeni akija kwako unamwekea paja moja peke yake kwa sahani? Si unaleta kuku mzima?"

"Hawa hawaji kula."

"Wanakuja kuona. Wakiona trei moja watasema huu ni mchezo wa watoto. Watoke kwa gari zao Nairobi waje kuangalia trei moja?"

"Bakisha kidogo."

"Nikibakisha, yatazeeka hapo. Mwezi ujao tutakuwa kituoni."

Auntie akaanza kufuta trei. Kwao pia, mgeni halishwi kwa kupimiwa.

Mayai yaliangulika yote. Mwanzoni vilikuwa vitu vyeusi kama nywele zilizokatwa kinyozi, halafu vikanenepa, vikabadilisha ngozi, vikajaza chumba cha pili, vikaingia sebuleni. Kitanda kilipandishwa juu ya mawe ili trei ziingie chini. Sisi watoto tulilala kwa mkeka kati ya rafu. Anko aliomba ruhusa mjengoni akawa anakata majani tu, magunia kwa magunia.

Jioni moja, tukiwa tumemaliza kulisha, Auntie Benta aliniambia nitoe nguo kwa kamba. Nikatoka. Mbingu ilikuwa kavu. Nikarudi nikamwambia hakuna mvua. Tukaangaliana. Sauti ilikuwa inatoka ndani, kwenye trei, majani yakitafunwa na vinywa vidogo vingi pamoja. Auntie aliketi kwenye kigoda katikati ya hizo rafu, mikono mapajani.

"Haiya," akasema polepole. "Kumbe ni kweli."

Anko alikuwa amesimama mlangoni na gunia tupu. Sijawahi kumwona mtu akimwangalia mke wake hivyo. Auntie akamwambia, "Wakifungua, na mimi uniombee kazi huko." Anko akasema, "Utakuwa wa kwanza."

Wiki ile ya wageni, Kaleli alifiwa na mama yake, akasafiri Mwingi kuzika. Alimwachia kazi kijana mmoja wa Githurai. Kwa ile haraka ya msiba hakukumbuka kumwambia habari ya kitambaa. Jumatatu asubuhi Anko alipita, akaona waya wa lango hauna kitu. Kulikuwa kumenyesha kidogo alfajiri. Alinusa majani kama kawaida yake, yakanuka mvua. Akajaza magunia.

Tulilisha trei zote. Kabla ya saa sita viwavi vikaacha kula. Vikainua vichwa, vikawa vinavizungusha huku na huku kama vinatafuta mtu. Halafu vikaanza kutapika maji ya kijani.

"Toeni majani!" Anko alipiga kelele. "Yote! Toeni!"

Tulitoa, mimi na Auntie na hata majirani waliokuwa wanatucheka. Githae alifunga duka akaja. Anko alichukua bodaboda mpaka Theta, akaja na majani safi, akaanza kukiwekea kila kiwavi kipande chake mbele ya mdomo, kimoja kimoja. Hakuna kilichofungua mdomo. Vilijikunja, vikawa vifupi, vikalainika. Kufikia jioni nyumba ilikuwa kimya na ilikuwa inanuka vibaya.

Alienda Membley kesho yake. Nilimfuata kwa sababu Auntie aliogopa atapiga mtu. Yule kijana aliweka mkasi chini alipoelezwa.

"Mzee, niliambiwa Jumapili nipulize ua wote. Aki sikujua."

"Hukuambiwa," Anko akasema. "Si makosa yako." Akamsalimia kwa mkono, tukarudi.

Nilidhani atampigia Daktari Riya awaambie maafisa wasije. Hakupiga. Aliosha trei zote akazipanga kwenye rafu, akavaa viatu vyake vya kanisa na lile koti la harusi. Auntie alichinja kuku. Alhamisi wageni walifika, Daktari Riya na maafisa wawili, mwanamume na mwanamke. Anko aliwafungulia chumba, akasema, "Hapa ndipo zilikuwa. Zimekufa Jumatatu kwa dawa. Mbegu yote niliitoa mimi, sikubakisha."

Daktari Riya aliweka mkono kwenye rafu akainamisha kichwa. Hakumlaumu. Ingekuwa rahisi kama angemlaumu.

Yule afisa mwanamke alikuwa na roho nzuri. "Pole sana, baba," akasema. "Lakini sheria inatutaka tuone kitu kilicho hai. Siwezi kuandikia trei tupu."

"Najua, mama."

Wakakaa kwa chai wakati kuku anaiva. Ndipo Daktari Riya, kama mtu anayejiambia mwenyewe, akasema kuwa mwanzoni kabisa waligawia wakulima wachache mayai ya mbegu hiyo, wajaribu nyumbani. Kulikuwa na mama mmoja upande wa Kakamega, na mzee mwingine karibu na mpaka wa Uganda. Baadaye hawakufuatwa tena. "Pengine waliacha siku nyingi," akasema.

Anko aliweka kikombe chini. "Huyo mzee anaitwa nani?"

"Boaz, sikumbuki hata kijiji. Nakumbuka tu alikuwa na miforosadi mikubwa nyuma ya kanisa."

"Tukipata hai, mtarudi?" Alikuwa anamuuliza yule afisa.

"Zikipatikana hai, tutarudi."

Auntie Benta aliniangalia, na mimi nikamwangalia. Alienda jikoni, akakaa huko kidogo, akaleta chakula. Wageni walikula haraka haraka kwa heshima, wakasema wana safari ya Thika. Anko alisimama awasindikize, kama mtu yeyote anavyosindikiza wageni wake.

"Wewe hujala," Auntie akamwambia akiwa mlangoni.

"Nifunikie. Nakuja."

"Baba Bridget."

"Nakuja, mama."

Nilibaki kwenye geti la ploti nikiwaangalia wakitembea mpaka gari lilipoegeshwa. Anko aliwafungia mlango, akapunga mkono, gari likageuka kuelekea Thika. Yeye akabaki hapo amesimama kando ya lami na koti lake la harusi, mikono mitupu. Githae alimwita dukani, hakugeuka. Nilingoja arudi. Badala yake alipanda daraja la kuvukia, akashuka upande ule wa pili ambako magari huenda Nairobi, na kutoka huko ndipo unapata ya kwenda magharibi.

Siku mbili baadaye alipiga simu kutoka Luanda, huko kwetu Vihiga, akasema ameonyeshwa miforosadi fulani lakini mwenyewe alishahama, kwa hivyo anasonga mbele. Auntie alimwambia arudi tu, hata bila kitu. Akasema sawa. Baada ya hapo simu yake haikuingia tena, na yeye hakurudi.